Kura moja ya ziada: miaka kumi ya mseto wa Erfurt

Nilikulia Kikwajuni, Unguja, karibu na zile nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa sababu hiyo, nilipohamia Erfurt, mji mkuu wa jimbo la Thuringia, na kupata chumba katika mitaa ya maghorofa iliyo kaskazini mwa mji, sikuona ugeni mkubwa. Ngazi zilikuwa kama za kwetu, na hata harufu ya saruji siku ya mvua ilinikumbusha utoto. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mstaafu aliyefanya kazi kiwandani tangu ujana wake, alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni niliicheka na baadaye nikaiheshimu. Kila nilipomwambia kwamba redio imetangaza jambo fulani kuhusu bunge la jimbo, hakuuliza nani kasema nini. Aliuliza tu: "Wana wangapi?"

Nimeamua kuandika juu ya serikali ya mseto wa mrengo wa kushoto iliyotawala Thuringia kuanzia Desemba 2014 hadi Desemba 2024, kwa sababu ndugu zangu wa nyumbani wanaofuatilia habari za Ujerumani hunieleza kisa chake kwa namna ambayo naiona si sahihi. Wao husema: vyama vitatu vilikutana, vikagombana, vikaanguka, kama inavyotarajiwa palipo na manahodha wengi. Niliishi hapa miaka hiyo yote na maoni yangu ni tofauti. Die Linke (chama cha Kushoto), SPD (wasoshalisti wa kidemokrasia) na chama cha Kijani (watu wa mazingira) waligombana, ndiyo, lakini kwa adabu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Kilichowasumbua tangu siku ya kwanza ni hesabu, yaani lile swali la jirani yangu.

Uchaguzi wa Septemba 2014 ulileta wabunge 91. Die Linke walipata viti 28, SPD 12, Kijani 6. Jumla ni 46, na wapinzani, CDU (wahafidhina) wenye 34 na AfD (mrengo mkali wa kulia) wenye 11, walikuwa 45. Kwetu tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika ukumbi wa Erfurt kidole kimoja kilitosha kuvunja serikali. Tarehe 5 Desemba 2014 Bodo Ramelow wa Die Linke, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyezaliwa Ujerumani Magharibi na kuhamia Thuringia baada ya ukuta kuanguka, alipigiwa kura ya siri kuwa Waziri Mkuu wa jimbo. Katika duru ya kwanza alipata kura 45. Mmoja wa watu wake mwenyewe, ambaye hadi leo hajajitaja, alikuwa ameteleza. Duru ya pili alipata 46 kamili. CDU walikuwa wameliongoza jimbo hilo kwa miaka 24 mfululizo, tangu liundwe upya mwaka 1990, na sasa lilikuwa mikononi mwa chama ambacho babu yake ni kile kilichotawala Ujerumani Mashariki. Halikuwa jambo dogo, na wala halikupokewa kama jambo dogo.

Ugomvi mkali wa mwanzo ulihusu neno moja. SPD na Kijani walikataa kuingia serikalini mpaka Die Linke wakubali kuandika katika mkataba wa mseto kwamba Ujerumani Mashariki ilikuwa dola ya dhulma, dola isiyosimama juu ya haki. Kwa mtu wa mbali huo ni mchezo wa maneno. Kwa watu wa hapa, ambao baadhi yao walifungwa katika gereza la polisi ya siri lililokuwa Andreasstraße, katikati ya mji huu huu, na wengine wakafanya kazi kwa uaminifu maisha yao yote chini ya serikali hiyo bila kumdhulumu mtu, neno hilo liligusa mfupa. Wazee wa Die Linke waliliona kama matusi kwa maisha yao. Mnamo tarehe 9 Novemba 2014 maelfu walisimama Erfurt wakiwa na mishumaa kupinga serikali ambayo bado haijaundwa. Mimi nilipita pembeni mwa umati huo nikitoka kazini. Kichwani nilikuwa na maghorofa ya Kikwajuni, ambayo kwetu ni kumbukumbu ya wema wa watu wale wale, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba siwezi kuwa na neno moja juu ya nchi ile. Jirani yangu alikuwa nalo: alisema mume wake aliachishwa kazi kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na nduguye wa Magharibi, kisha akasema pia kwamba mtoto wake alisoma bure. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Ramelow alilikubali neno, na siku ya kuapishwa kwake aliomba radhi hadharani kwa rafiki yake mmoja aliyewahi kufungwa zama zile. Naamini hatua hiyo ilimpa nguvu ambayo chama chake hakikuwa nayo. Watu waliokiogopa chama walianza kumwona yeye kama mtu wa peke yake: mzungumzaji, mkali kidogo, Mkristo anayeenda kanisani, mwenye mbwa aitwaye Attila ambaye picha zake zilijulikana jimbo zima. Baadaye nguvu hiyo iligeuka kuwa tatizo, nami nitairudia.

Miaka mitano ya kwanza ilithibitisha kwamba wembamba una faida yake. Mtu anayetembea juu ya ukuta mwembamba hutazama miguu yake. Wabunge 46 walijua kwamba mmoja akiugua siku ya kura, serikali imelala, kwa hiyo walijadiliana mapema, walilipana fadhila, na mengi ya waliyoahidi wakayatimiza: walisitisha kuwarudisha wakimbizi makwao katika majira yale ya baridi ya kwanza, idara ya usalama ya jimbo ikakatazwa kutumia watoa habari wa kulipwa isipokuwa kwa masharti magumu, mwaka wa mwisho wa chekechea ukawa bure, na tarehe 20 Septemba, Siku ya Watoto Duniani, ikawa sikukuu ya umma kuanzia 2019, jambo ambalo hakuna jimbo lingine la Ujerumani lililokuwa nalo. Hatua ile ya watoa habari ilihitaji kuelezwa kwa wageni kama mimi: kundi la kigaidi la Wanazi mamboleo lililoua watu kumi katika miji kadhaa ya Ujerumani, wengi wao wenye asili ya Kituruki, lilizaliwa Jena, nusu saa kwa treni kutoka hapa, huku watu waliolipwa na serikali wakiwa wamelizunguka pande zote.

Waliposhindwa ni pale walipogusa mipaka. Thuringia ina watu milioni mbili na kidogo, na wakati ule ilikuwa na wilaya 17 na miji 6 yenye hadhi ya wilaya. Vijiji vinazeeka, vijana wanakwenda Leipzig au Magharibi, na ofisi ya wilaya inagharimu kiasi kile kile iwe inahudumia wengi au wachache. Serikali ilitaka kupunguza wilaya hadi nane. Kwenye karatasi hoja ilikuwa nzuri, na hata leo sijasikia hoja nzuri zaidi. Lakini mtu haishi kwenye karatasi. Weimar, mji wa Goethe na Schiller, uambiwe utakuwa mji mdogo ndani ya wilaya? Gera nayo, iliyowahi kuwa makao makuu ya mkoa mzima, ikubali hivyo hivyo? Hata wabunge wa mseto wenyewe, wakirudi kwenye maeneo yao mwishoni mwa wiki, walisema kwa sauti ya chini zaidi kuliko waliyotumia Erfurt.

CDU wakaenda mahakamani. Juni 2017 Mahakama ya Katiba ya Thuringia, ambayo makao yake yako Weimar, iliifuta sheria ya maandalizi, na sababu ndiyo iliyonishangaza: kumbukumbu za kikao ambacho wawakilishi wa miji na wilaya walitoa maoni yao hazikuwa zimewafikia wabunge kabla ya kupiga kura. Mahakama haikuona kosa katika wazo la kupunguza wilaya. Ilikamata kosa la utaratibu tu, karatasi ambazo hazikusambazwa. Waziri wa mambo ya ndani alibadilishwa miezi miwili baadaye, na kabla mwaka haujaisha mpango mzima uliwekwa kabatini. Wakati huo huo, mbunge mmoja wa SPD alihamia CDU mwezi Aprili, akilalamikia mpango huo huo wa mipaka pamoja na sera ya shule. Serikali haikuanguka siku hiyo kwa sababu ya bahati tu: mwaka mmoja kabla, mbunge mwingine aliyekuwa ameingia bungeni kupitia AfD, kisha akajitoa, alikuwa amepokelewa na SPD. Arobaini na sita ikawa arobaini na saba, ikarudi kuwa arobaini na sita. Nakumbuka nilimwambia jirani yangu habari hizo ngazini, naye akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Basi bado wana mmoja," akaendelea kupanda na mfuko wake wa viazi.

Uchaguzi wa tarehe 27 Oktoba 2019 ulileta kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Die Linke walishika nafasi ya kwanza kwa asilimia 31.0, mara ya kwanza katika jimbo lolote la Ujerumani. Ungedhani serikali imeimarika. Lakini Ramelow alikuwa amekunywa maji ya kisima cha jirani: baadhi ya kura mpya za chama chake zilitoka kwa watu ambao vinginevyo wangewapigia SPD na Kijani, na washirika hao wawili wakashuka, SPD hadi asilimia 8.2 na Kijani hadi 5.2. AfD wakawa wa pili kwa asilimia 23.4, CDU wa tatu. Kisha FDP, chama cha waliberali, kikavuka kizingiti cha asilimia tano kwa kura 73 jimbo zima. Watu 73 hawajazi hata daladala tatu, na kwa sababu yao FDP ilipata viti vitano na mseto ukabaki na viti 42 kati ya 90. Wingi ni 46. Walipungukiwa wanne.

Hapo ndipo kila mtu alipogundua kwamba hakuna njia. CDU ilikuwa imeamua katika mkutano wake mkuu wa taifa mwaka 2018 kwamba haitashirikiana na Die Linke wala na AfD, vyama ambavyo sasa vilikuwa na viti 51 kati ya 90. Yaani bila angalau kimoja kati ya hivyo viwili hakuna serikali yoyote yenye wingi inayoweza kuundwa, na CDU ilikuwa imejifunga mikono yote miwili. Mseto ukaamua kujaribu kutawala kwa uchache, ukitegemea kwamba katika duru ya tatu Katiba ya jimbo haidai wingi wa wabunge wote, bali inatosha kupata kura nyingi kuliko wengine.

Tarehe 5 Februari 2020 nilikuwa kazini na redio ilikuwa wazi. AfD walikuwa wamemsimamisha mgombea asiye na chama, meya wa kijiji kidogo. Duru ya kwanza Ramelow alipata kura 43, ya pili 44. Duru ya tatu FDP wakamsimamisha Thomas Kemmerich, kiongozi wa kundi lao la watu watano. Matokeo yaliposomwa, Ramelow alikuwa na 44, Kemmerich 45, na yule meya hakuwa na kura hata moja. AfD walikuwa wamemwacha mgombea wao na kumpa mwingine kura zote, pamoja na zile za CDU na FDP. Kemmerich aliulizwa kama anakubali, akasema anakubali. Susanne Hennig-Wellsow, kiongozi wa Die Linke bungeni, alimwendea akiwa ameshika shada la maua, akaliangusha miguuni pake na kugeuka. Picha hiyo ilizunguka dunia. Mimi nakumbuka zaidi ukimya wa chumba cha kazi, ambako watu ambao kamwe hawazungumzi siasa walikuwa wamesimama na kutazamana.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini Ujerumani nzima ilitetemeka kwa kiti cha waziri mkuu wa jimbo dogo. Jibu liko katika historia ya hapa hapa. Mnamo Januari 1930 Thuringia ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza kumpa mtu wa chama cha Hitler wizara, naye alikuwa Wilhelm Frick, aliyepewa mambo ya ndani na elimu. Miaka sita na ushei kabla ya hapo, Oktoba 1923, jimbo hili hili lilikuwa na serikali ya SPD pamoja na Wakomunisti, iliyodumu wiki chache tu hadi jeshi la taifa lilipoingia Novemba na mseto ukavunjika. Watu wa Erfurt wanaposikia maneno "mseto wa kushoto" na "kura za kulia" katika sentensi moja, hawahitaji kuelezwa zaidi. Angela Merkel, aliyekuwa ziarani Afrika Kusini, alisema siku iliyofuata kwamba jambo hilo halisameheki na ni lazima lirekebishwe. Kemmerich akajiuzulu tarehe 8. Annegret Kramp-Karrenbauer, mwenyekiti wa CDU ya taifa aliyetarajiwa kumrithi Merkel, alitangaza tarehe 10 kwamba anaachia ngazi. Kura 45 za Erfurt zilikuwa zimebadilisha hata urithi wa ukansela mjini Berlin.

Kwa wiki kadhaa jimbo liliongozwa na waziri mkuu wa muda asiye na waziri hata mmoja. Wizara ziliendeshwa na makatibu wakuu. Ramelow alipendekeza mtangulizi wake wa CDU, Christine Lieberknecht, aongoze serikali ndogo ya mpito hadi uchaguzi mpya, pendekezo ambalo mimi nililiona la kiungwana na la ujanja kwa pamoja, na CDU wakalikataa. Hatimaye, tarehe 4 Machi 2020, Ramelow alichaguliwa tena katika duru ya tatu: kura 42 za ndiyo, 23 za hapana, na 20 za wasiopiga upande wowote. FDP hawakushiriki. Hao 20 ndio waliompa kiti, kwa kukalia mikono yao.

Na hii ndiyo sehemu ambayo ndugu zangu hawaielewi wanaposema "waligombana wakaanguka". Kwa miaka minne na nusu serikali hii haikuanguka hata kidogo. Iliwekwa hai. CDU walikuwa wameahidi katika makubaliano ya maandishi kuisaidia kupitisha bajeti na kutotafuta wingi pamoja na AfD, mpaka uchaguzi wa mapema ambao kwanza ulipangwa Aprili 2021, kisha, kwa sababu ya korona, ukasogezwa hadi Septemba 26, siku ya uchaguzi wa taifa. Ili bunge livunjwe zilihitajika theluthi mbili, yaani kura 60. Mseto na CDU kwa pamoja walikuwa 63. Wabunge wanne wa CDU wakasema hawatakubali, hesabu ikawa 59. Ili mtu apate ile ya sitini kwa hakika, ingebidi AfD wapige kura upande wake, na hakuna aliyetaka kurudia Februari. Julai 2021 hoja ikaondolewa. Makubaliano yakabaki bila tarehe ya mwisho, halafu yakafifia yenyewe, na serikali ikaendelea.

Nimejaribu kuwaeleza watu wa nyumbani kwa mfano wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, na mfano huo haukusaidia sana. Kwetu, tangu marekebisho ya Katiba ya 2010, aliyeshika nafasi ya pili anapewa Makamu wa Kwanza wa Rais. Anakaa ndani ya chumba, anakula sahani moja na mwenzake, na lawama zinamwagikia wote. Thuringia ilikuwa kinyume chake. CDU walikaa nje ya mlango wakiwa na ufunguo. Kila bajeti ilikuwa safari ya kwenda kubisha. Walipoidhinisha au kujizuia, walidai bei, na bei iliyopendwa zaidi ilikuwa kiasi cha jumla ambacho wizara zote zilitakiwa kubana bila kuambiwa wabane wapi. Waziri aliyepunguza ndiye aliyezomewa kijijini. Chama kilichodai punguzo hakikuwa na waziri wa kuzomewa. Desemba 2020 hata Kijani walikubali kumeza marufuku ya mitambo ya umeme wa upepo misituni, wao ambao wimbo wao ni upepo, ili mambo mengine yapite. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ya taifa iliifuta marufuku hiyo, na nilijiuliza walicheka au walilia.

Kisha Septemba 2023 mlango ulifungwa usoni mwao. CDU walileta muswada wa kupunguza kodi ya ununuzi wa ardhi na nyumba kutoka asilimia 6.5 hadi 5, na ukapita kwa kura zao, za FDP na za AfD, serikali ikipinga. Mapato ambayo mseto ulikuwa umeyapandisha wenyewe mwaka 2017 yalichukuliwa mbele ya macho yao. CDU walisema hawakuzungumza na AfD, wameleta tu wazo zuri na yeyote anaweza kulipigia kura. Huenda ni kweli. Lakini miezi mitatu kabla, katika wilaya ya Sonneberg, AfD walikuwa wameshinda kiti cha mkuu wa wilaya kwa mara ya kwanza katika Ujerumani yote, na kila mtu hapa alijua upepo unavuma kutoka wapi.

Ndani ya mseto wenyewe yapo mambo ambayo siwezi kuwasingizia wapinzani. Kituo cha kupokelea wakimbizi cha Suhl kilijaa kupita kiasi, hasa baada ya vita vya Ukraine kuanza, na waziri wa uhamiaji na sheria kutoka Kijani, Dirk Adams, alilaumiwa kwa kuchelewa. Januari 2023 chama chake mwenyewe kilimtaka aondoke, akakataa kujiuzulu, Ramelow akamwachisha. Waliomfahamu walisema hakutendewa haki, na mimi nafikiri hivyo pia, maana wilaya zilizokataa kutoa nyumba hazikuulizwa kitu. Aliyechukua nafasi yake ni Doreen Denstädt, polisi mwanamke aliyezaliwa Thuringia, ambaye baba yake alitoka Tanzania. Siku alipoapishwa simu yangu haikutulia. Watu wa Unguja na wa Dar walitaka kujua anatoka kabila gani, kana kwamba hilo ndilo lingemsaidia pale Suhl. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa waziri katika majimbo ya mashariki, na alipokea matusi ambayo sitayaandika. Alirithi wizara ngumu, nusu ya muhula ikiwa imekwisha, katika serikali isiyo na wingi. Sioni angeweza kufanya nini zaidi ya alichofanya.

Nilisema nitarudi kwenye nguvu za Ramelow. Kadiri miaka ilivyokwenda, watu walimpenda yeye na kusahau aliko. Jirani yangu alimpigia kura 2019 na akasema waziwazi kwamba chama chake hakitaki. Januari 2024 Sahra Wagenknecht aliyejitoa Die Linke alianzisha chama chake, BSW, na Katja Wolf, meya wa Eisenach aliyekuwa mmoja wa nyuso zinazoheshimika za Die Linke jimboni, akahamia huko. Tarehe 1 Septemba 2024 Die Linke walishuka kutoka asilimia 31.0 hadi 13.1. BSW walipata 15.8. Ukijumlisha unapata 28.9, na wapo wanaosema kura hazikupotea, zilihama chumba tu. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu wengi walikwenda upande mwingine kabisa: AfD wakawa wa kwanza kwa asilimia 32.8. Kijani wakatoka bungeni kwa 3.2. SPD wakabaki na viti sita. Ramelow mwenyewe alishinda kiti chake Erfurt, na Februari 2025 akachaguliwa kwenda bunge la taifa. Mtu alibaki, nyumba yake ndiyo iliyobomoka.

Waziri Mkuu aliyemfuata Ramelow ni Mario Voigt wa CDU, yule yule aliyeliongoza kundi la CDU bungeni tangu Machi 2020 na kushika ufunguo wa mlango ule miaka yote. Mseto wake ulianza na CDU viti 23, BSW 15 na SPD 6. Bunge jipya lina wabunge 88. Alichaguliwa tarehe 12 Desemba 2024 katika duru ya kwanza kwa kura 51, na kwa kuwa upande wake hauzidi 44, angalau saba zilitoka nje. Die Linke walikuwa wameshasema kabla ya kura kwamba hawatairudia Februari ya 2020. Sasa kuna utaratibu wa kushauriana nao kabla miswada haijafika bungeni, ingawa ile amri ya CDU ya mwaka 2018 bado ipo.

Jioni ya siku Voigt alipochaguliwa nilimkuta jirani yangu chini, anasukuma pipa la taka kwenda barabarani ingawa mgongo unamsumbua. Nikalichukua mkononi mwake. Aliuliza swali lake. Nikamwambia: arobaini na nne kati ya themanini na nane. Alisimama, akanitazama kuona kama namtania, kisha akauliza nani anayeshika zilizobaki.